Mashabiki wa Star Trek, Kiswahili Kilitangulia Kiklingoni

Leo naomba tuache siasa kidogo. Ufisadi upo, foleni ipo, umeme unakatika kama kawaida yake, na kesho tutavikuta vyote palepale. Leo nataka kuzungumzia ugomvi mmoja ambao umenichosha kwa miaka, na kila nikidhani umekwisha nakuta umeamka tena na nguvu mpya: ugomvi wa mashabiki wa Star Trek juu ya filamu ya mwaka 2009. Ni ile iliyoongozwa na J.J. Abrams, iliyowachukua Kapteni Kirk, Spock, Daktari McCoy na wenzao wa miaka ya sitini ikawaanzisha upya wakiwa vijana, wakiigizwa na watu wengine kabisa.

Najua wapo watakaouliza: huyu naye, vita vya watu wazima wanaovaa masikio ya plastiki vinatuhusu nini sisi? Tulieni. Vinatuhusu kuliko mnavyodhani, nitafika huko.

Kwanza muwajue wagomvi wenyewe. Upande mmoja wako wale ninaowaita Walinzi. Hawa wanajiona wamekabidhiwa funguo za nyumba, na Abrams ni mwizi aliyeingia kwa dirishani. Malalamiko yao mengine yanachekesha mpaka mbavu ziume. Kwamba Chris Pine ana macho ya bluu ilhali Kirk wa kwanza, William Shatner, hakuwa nayo. Kwamba chombo cha Enterprise kinaonekana kikijengwa ardhini kule Iowa, wakati kinajulikana kuwa kilijengwa angani. Kwamba chumba cha rubani kinameremeta kama duka la Apple. Kwamba chumba cha injini ni kiwanda cha bia (na kweli ni kiwanda cha bia, walipigia picha kwenye kiwanda cha Budweiser kule Van Nuys, Los Angeles, mabomba yale si ya kompyuta, ni ya pombe!). Kwamba taa zinapiga kwenye kamera kila dakika mpaka mtazamaji anatamani kuvaa miwani ya jua.

Upande wa pili wako Wapya. Hawa waliingia kwenye ukumbi wa sinema mwaka ule 2009 bila kujua chochote, wakatoka wanatabasamu. Jibu lao kwa kila hoja ni moja tu: "Ni burudani jamani, tulieni." Ukiwabana zaidi wanatoa hesabu: filamu ilitengenezwa kwa dola milioni 150 hivi ikaingiza zaidi ya milioni 385 duniani kote, ikachukua hata tuzo ya Oscar ya upambaji wa sura, Oscar ya kwanza kwa filamu yoyote ya Star Trek. Wanamaliza hapo, kana kwamba risiti ni hoja.

Mimi nasema pande zote mbili zinagombania mahali pasipo na kitu. Na nitasema kwa nini.

Kwa asiyejua historia, nitaipitia mbiombio. Star Trek ilianza kuonyeshwa kwenye televisheni ya NBC Septemba 8, 1966. Vilitoka vipindi 79, ikasimamishwa 1969, na isingefika hata hapo kama si mashabiki kumwaga barua kwa maelfu kuitetea wakati wa msimu wa pili. Baadaye zikaja filamu kuanzia 1979, kisha tamthilia nyingine baada ya nyingine kuanzia 1987, mpaka watu wakakinai. Filamu ya 2002, Nemesis, ilianguka vibaya. Tamthilia ya Enterprise ikafungwa 2005. Mzee alikuwa amelala kitandani, ndugu wameshaanza kuulizana habari za sanda. Ndipo akaitwa Abrams.

Abrams na waandishi wake walifanya ujanja ambao mimi nauheshimu. Badala ya kusema "hadithi ya zamani imefutwa", walimleta mchimba madini wa Kiromulani aitwaye Nero, akarudi nyuma kutoka karne ya 24 na kuvuruga historia siku ile ile Kirk anapozaliwa. Tangu hapo mambo yanakwenda njia nyingine, na ya zamani yanabaki kama yalivyokuwa kwenye njia yake. Wakamleta na Leonard Nimoy mwenyewe, Spock wa asili, mzee wa watu, aje atoe baraka. Yaani walipiga hodi, wakavua viatu mlangoni, wakaamkia. Walinzi bado wakasema wameingia na matope.

Sasa nizungumze na Walinzi ana kwa ana.

Ndugu zangu, hoja yenu kwamba hadithi imenajisiwa kwa kusimuliwa upya haina miguu. Sisi wengine tumekulia mikononi mwa Lufufu. Kwa asiyemjua, Lufufu alikuwa msimulizi wa filamu hapa Dar es Salaam: picha ya Kimarekani au ya Kihindi inachezwa, naye anaisimulia kwa Kiswahili juu yake, anaeleza, anatania, anaongeza chumvi, mpaka wahusika wanakuwa kama watu wa mtaani kwako. Kenya wana DJ Afro, na watu wanamtafuta yeye kuliko filamu yenyewe. Hakuna aliyewahi kwenda kuandamana kwamba Lufufu ameharibu filamu. Na tukirudi nyuma zaidi, mchukueni Fumo Liyongo wa pwani. Wengine husimulia kwamba aliyemchoma ile sindano ya shaba kitovuni ni mwanawe, wengine husema ni mpwa wake. Liyongo hajapungua kwa hilo. Yupo mpaka leo kwa sababu kila fundi alimpokea akamsuka kwa mkono wake. Hadithi inayokatazwa kuguswa ni ya makumbusho, inafutwa vumbi mara moja kwa mwezi na watoto wa shule wanapitishwa mbele yake wakipiga miayo.

Halafu mna usahaulifu wa ajabu ninyi. Mnapotaka kumponda Abrams mnasema, "Hakuwa hata shabiki, alipenda Star Wars." Kweli, mwenyewe alisema hivyo, na mwaka 2013 akamwambia mtangazaji Jon Stewart kwamba utotoni Star Trek aliiona ina falsafa nyingi mno. Haya. Lakini filamu mnayoiweka juu kuliko zote ni ipi? The Wrath of Khan ya 1982. Aliiongoza nani? Nicholas Meyer, mtu ambaye kabla ya kupewa kazi ile hakuwa akifuatilia Star Trek hata kidogo. Alikuta vipindi vya zamani, akavitazama, akaona hizi ni hadithi za mabaharia zilizopelekwa angani, akatengeneza kitu. Gene Roddenberry mwenyewe, baba wa Star Trek, alikuwa amesogezwa pembeni baada ya filamu ya kwanza, na hakupenda jinsi Meyer alivyoijaza mambo ya kijeshi. Kwa hiyo filamu yenu takatifu ilitengenezwa na mgeni, huku mwanzilishi akinung'unika. Na habari zilipovuja kwamba Spock atakufa humo ndani, mashabiki wa wakati ule walikuja juu kama nyuki. Mwaka 1987 ilipotangazwa tamthilia mpya yenye kapteni mwenye kipara aitwaye Picard, waliapa hawataitazama. Leo Picard anatajwa kama wahenga.

Hivyo ugeni wa Abrams si kosa. Tatizo lake ni jingine, na hapa nawageukia Wapya.

"Ni burudani tu." Hakuna sentensi ya kivivu kuliko hii. Burudani ni kipi? Vipindi vile vya miaka ya sitini vilikuwa burudani pia: ngumi, mavazi ya ajabu, mawe ya boksi, mapambo ya bei poa. Lakini Januari 1969, nchi ya Marekani ikiwa bado inauguza majeraha ya mwaka uliotangulia, walionyesha kipindi chenye watu wawili wanaochukiana kufa na kupona. Mmoja ni mweusi upande wa kulia na mweupe kushoto, mwingine kinyume chake. Kirk haoni tofauti yao. Wao hawaoni kingine chochote. Wanafika kwenye sayari yao na kukuta wenzao wote wameshauana, na hata hapo hawaachi kufukuzana. Unaweza kusema ujumbe umepakwa kwa brashi nene. Sawa. Lakini ulikuwepo. Kulikuwa na mtu chumbani anauliza swali.

Filamu ya 2009 inauliza swali gani? Nero ana hasira kwa sababu sayari yake imekufa. Kwa hasira hiyo anaiangamiza sayari ya Vulcan, roho bilioni kadhaa, pamoja na mama yake Spock. Kisha anauawa. Tunashangilia, tunakwenda nyumbani. Niliipenda? Ndiyo, niliipenda. Ile dakika kumi ya mwanzo, baba yake Kirk akibaki peke yake kwenye chombo ili mkewe aondoke na mtoto anayezaliwa muda huohuo, ni kazi ya fundi. Lakini ni kama biriani iliyopikwa vizuri isiyo na nyama. Harufu ipo, rangi ipo, unafukuafukua chini ya wali, hupati kitu.

Ushahidi mkubwa zaidi ni filamu ya pili, Star Trek Into Darkness ya 2013, na hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu ndiyo inayoonyesha ugomvi huu unavyodhuru.

Nusu ya kwanza ya filamu ile ina kitu. Mtu analipua jengo London, anakimbilia sayari ya Waklingoni. Mkuu wa jeshi anampa Kirk makombora 72 na amri: mpige kutoka mbali, muue, rudi. Hakuna kukamata wala mahakama. Spock anapinga kwamba ni kinyume cha sheria kumuua mtu asiyehukumiwa. Scotty, fundi mkuu, anagoma kuyapokea makombora asiyoambiwa ndani yake mna nini, anajiuzulu. Kumbukeni ulikuwa mwaka gani. Septemba 2011 Marekani ilikuwa imemuua Anwar al-Awlaki kule Yemen kwa ndege isiyo na rubani, raia wake mwenyewe, bila kesi. Ndege hizohizo zilikuwa zinapiga Somalia, hapo jirani yetu kabisa. Hili lilikuwa swali la kweli, la mwaka uleule, linalotugusa hata sisi. Nilikaa vizuri kwenye kiti nikasema: haya, wamerudi!

Halafu yule mtu akafungua mdomo akasema jina lake ni Khan.

Hapo filamu ikafa. Kuanzia hapo si habari ya makombora tena, ni habari ya kumbukumbu. Watengenezaji walikuwa wamekanusha kwa miezi kwamba Khan yumo, ili iwe mshangao. Mshangao kwa nani? Kijana asiyejua 1982 jina hilo halimwambii chochote. Ulikuwa mshangao kwa Walinzi peke yao. Kisha wakairudia karibu neno kwa neno ile kwaheri ya 1982, mmoja anakufa nyuma ya kioo na rafiki yake anamgusa kwa kiganja, ila safari hii anayekufa ni Kirk na anayepiga kelele "Khan!" ni Spock. Na muda si mrefu Kirk anafufuliwa kwa damu, kwa hiyo machozi yote yale yalikuwa ya mkopo.

Mnaona sasa? Filamu hii haikuharibiwa kwa kuidharau Star Trek ya zamani. Iliharibiwa kwa kuinyenyekea! Walikuwa na hadithi yao, mpya, ya wakati wao, wakaogopa, wakaenda kuchimba kaburi ili kuwapendeza watu waliokuwa wakilia kwamba wamesahauliwa. Na Walinzi walilipaje? Agosti 2013, kwenye mkutano wao wa Las Vegas, walipiga kura kupanga filamu zote za Star Trek kwa ubora. The Wrath of Khan ikawa ya kwanza. Into Darkness, iliyoikopi The Wrath of Khan, ikawa ya mwisho, chini hata ya ile ya 1989 aliyoiongoza Shatner na ambayo kila mtu huionea aibu. Wameletewa walichokililia, wamekitema.

(Na sijagusa suala la Khan mwenyewe kugeuka Mwingereza mweupe. Khan Noonien Singh, kwa mujibu wa kipindi cha 1967, ni mtu wa kaskazini mwa India. Wakati ule walimpa Ricardo Montalbán, Mmeksiko, na angalau ilikuwa 1967. Mwaka 2013 wakampa Benedict Cumberbatch. Kwa nchi yenye waigizaji wenye asili ya India wa kumwaga! Jambo hili Walinzi na Wapya walitakiwa kulipigia kelele pamoja. Baadhi walipiga. Wengine walikuwa wakipima urefu wa chombo kwa mita.)

Filamu ya tatu, Star Trek Beyond ya 2016, sitaichelewesha. Simon Pegg, anayeigiza Scotty, aliiandika na Doug Jung, Justin Lin akaiongoza. Katika zote tatu hii ndiyo yenye roho ya zamani: wafanyakazi wa chombo wametawanyika kwenye sayari ngeni, wanatafutana, wanategemeana. Kila Mlinzi niliyewahi kubishana naye anakiri hivyo. Ndiyo iliyoingiza fedha kidogo kuliko zote tatu, dola milioni 343 kwa gharama ya 185. Mliokuwa mnadai Star Trek ya kweli, siku ilipoletwa mlikuwa wapi? Filamu ya nne imekuwa ikitangazwa na kuyeyuka tangu mwaka ule.

Na mnapoitana majina ninyi kwa ninyi, mwenye mali anawatazama tu. Kuna mashabiki walioamua kutengeneza filamu yao wenyewe, Axanar, kwa michango ya mashabiki wenzao. Desemba 2015 kampuni za Paramount na CBS ziliwashtaki. Kesi ikamalizwa kwa makubaliano Januari 2017, na katikati yake, Juni 2016, zikatolewa kanuni: filamu ya shabiki isizidi dakika 15, ikiwa na sehemu mbili isizidi 30, michango isizidi dola 50,000. Basi, mnaogombania funguo za nyumba, mmeonyeshwa hati iko kwa nani.

Sasa tuje nyumbani.

Kwenye chombo kile kuna mwanamke Mwafrika, afisa mawasiliano, Luteni Uhura. Jina lake ni neno letu. Nichelle Nichols, aliyemwigiza, alisimulia kwamba siku ya kwenda kujaribiwa alikuwa amebeba riwaya ya Robert Ruark iitwayo Uhuru, inayohusu Kenya inayokaribia kujitawala. (Si kitabu ambacho ningempa mtu ajifunzie historia ya Kenya. Ruark alikuwa mwindaji, na moyo wake ulikuwa kwa walowezi.) Roddenberry akalipenda neno, likalainishwa mwishoni, likawa Uhura. Mwaka 1966, Kenya ina miaka mitatu tangu ijitawale, sisi Tanganyika mitano, mwanamke mweusi anakaa kwenye televisheni ya Marekani kila wiki akiitwa Uhuru. Nichols alitaka kuacha baada ya msimu wa kwanza, na kwa maelezo yake mwenyewe ni Martin Luther King aliyemwambia asithubutu. Kuanzia 1977 alifanya kazi na NASA kuwashawishi wanawake na watu weusi waombe kuwa wanaanga. Mae Jemison, mwanamke mweusi wa kwanza wa Marekani kufika angani, 1992, amesema wazi kwamba Uhura alikuwa mfano wake.

Kwenye filamu ya 2009 Uhura aliigizwa na Zoe Saldana, na waandishi wakamfanya mpenzi wa Spock. Kelele zilizozuka hapo ndizo zilizonifanya niandike leo. Walinzi walisema Spock hapendi, Spock ni mantiki, hii ni tusi. Wengine, kwa sauti ya watetezi wa wanawake, wakasema Uhura ameshushwa kutoka afisa mpaka demu wa mtu. Na walikuwepo wanawake weusi wa Marekani, mashabiki wa siku nyingi, waliosema: ngojeni kwanza. Kwa miongo mingi mwanamke mweusi kwenye filamu hizi amekuwa dada mwenye nguvu, rafiki wa kulilia, mtu wa kufungua simu. Mara hii moja anapendwa, na anayempenda ndiye mhusika anayeheshimiwa kuliko wote, na ninyi mnataka abaki mseja kwa heshima ya wanawake?

Mimi niko na hao wanawake, moja kwa moja. Na nina ushahidi wa kiasilia kwa Walinzi wanaopenda uasilia: nendeni mkatazame vipindi vya 1966. Uhura anamchokoza Spock waziwazi, anamtaka amweleze habari za mwezi wa Vulcan. Spock anajibu kwamba Vulcan haina mwezi. Kipindi kingine anamwimbia huku Spock akipiga kinubi. Mbegu ilikuwepo tangu enzi hizo. Waliokataa kuiona waliona nini hasa pale? Nawaachia wajibu wenyewe.

Na ile filamu ina kichekesho kimoja kinachorudiarudia: Kirk anataka kujua jina la kwanza la Uhura, ananyimwa. Mpaka mwishoni mwishoni anamsikia Spock akimwita Nyota. Jina lilikuwa likitumika vitabuni tangu 1982, ila kwenye filamu ndiyo mara ya kwanza. Nyota! Mmarekani anasikia sauti tamu ngeni. Mimi nilisikia jina la binti wa jirani.

Lakini hapo ndipo penye donda. Kwenye Into Darkness Uhura anashuka peke yake kwenda kukabiliana na Waklingoni, anasimama mbele yao anazungumza lugha yao. Ukumbi unapiga makofi. Walinzi nao safari hii wanapiga makofi, maana Kiklingoni wanakiheshimu: wana kamusi yake, wana tafsiri yake ya Hamlet iliyotoka 1996. (Hongereni. Sisi Mwalimu Nyerere alishatafsiri Julius Caesar mwaka 1963, akiwa na nchi ya kuongoza.) Sasa niwaulize ninyi mnaojua kila namba ya kila mlango wa Enterprise. Maneno ya kwanza ya Kiklingoni yalisikika lini? Filamu ya 1979. Mtaalamu Marc Okrand akaja kuijenga lugha kamili kwa ajili ya filamu ya 1984. Vipindi vya miaka ya sitini Waklingoni walikuwa wakiongea Kiingereza tu.

Na Kiswahili? Kiswahili kilisikika Septemba 8, 1966. Kipindi cha kwanza kabisa kuonyeshwa, usiku wa kwanza kabisa. Lile zimwi linalofyonza chumvi linajigeuza mwanamume mweusi, linamkuta Uhura kwenye korido, linamsemesha kwa Kiswahili. Mwaka uliofuata, 1967, mashine inamfuta Uhura akili yote, inabidi afundishwe kusoma Kiingereza upya kama mtoto wa chekechea, na akikwama, akikasirika, kinachomtoka ni Kiswahili. Waandishi wale wa miaka ya sitini, na mapungufu yao yote, walijua kwamba mtu ukimfuta kila kitu lugha ya mama inabaki.

Hiyo ndiyo asili yenu mnayoilinda. Kiswahili kimetangulia Kiklingoni kwenye Star Trek kwa miaka 13. Mbona kwenye filamu tatu za Abrams na Lin hakuna Mlinzi hata mmoja niliyemsikia akilalamika kwamba Nyota Uhura amenyang'anywa lugha yake? Mmelia kwa ajili ya macho ya Kirk, mmelia kwa ajili ya mabomba ya bia. Binti mwenye jina la Kiswahili mwanzo na mwisho akapewa lugha ya kubuni, nanyi mkaona sawa.

Nichols alifariki Julai 2022. Miezi miwili kabla, tamthilia mpya ya Strange New Worlds ilikuwa imeanza na Uhura mwingine kijana, Celia Rose Gooding, na katika kipindi cha pili anasema wazi kwamba ametoka Kenya, kwamba anajua lugha 37, kwamba wazazi wake walikufa kwa ajali. Ni kuimba kwake kunakomfungulia njia ndani ya kimondo ambacho hakuna aliyejua kukisemesha. Kipindi kizuri sana, kitafuteni. Walinzi walikitazama kwa makini, kisha wakaanza kugombana kuhusu mnyama aitwaye Gorn, ana sura gani na Kirk alipaswa kumwona lini kwa mara ya kwanza.